Utani wa Mpira Katika Redio

Mama mmoja katika majirani zetu wa Magomeni alitujia juzi baada ya sala ya Alasiri, tulipokuwa tukifunga mlango wa chuo, akatuuliza swali ambalo tuliona si vema kumjibu yeye peke yake. Alisema ya kwamba nyumbani kwake iko redio, nayo huwashwa tangu asubuhi, na saa ya mazungumzo ya mpira ifikapo nyumba nzima husimama. Mumewe ni Yanga. Mwanawe mkubwa ni Simba. Mwanawe mdogo, ambaye ni mwanafunzi wetu, ni wa yeyote aliyeshinda. Humo redioni watu hutaniana, huchekana na kupeana majina, na wale watoto huyachukua majina hayo wakaitana nayo hata mkekani penye chakula. "Maalim," akasema, "redio hii niizime?"

Tukamwomba atupe siku chache. Kwa kweli aibu ilitushika, kwa sababu wakati ule ule alipokuwa akituuliza, redio ndogo iliyo dirishani petu ilikuwa ikinong'ona, na yaliyokuwa yakisemwa humo hayakuwa mengine ila hayo hayo.

Kwa msomaji asiye na mazoea ya mambo haya, yafaa tueleze kidogo. Katika mji wa Dar es Salaam ni taabu kuipata redio isiyo na kipindi cha michezo. Clouds FM wana Sports Xtra, EFM wana Sports Headquarters, na Wasafi FM, redio ya mwanamuziki Diamond Platnumz, wana Sports Arena. Katika vipindi vya namna hii hukaa watu watatu au wanne mbele ya maikrofoni. Habari zenyewe za mpira, nani kafunga na nani kaumia, huisha mapema. Kisha hubaki mazungumzo, nayo hayana mwisho: mara mpira, mara muziki, mara harusi ya mtu mashuhuri, mara gari la mchezaji, na wasikilizaji hupiga simu wakatia chumvi yao.

Siku ile aliyotujia yule mama, mtangazaji mmoja alikuwa ameuliza hivi: tukimchukua Mbwana Samatta, na tukamchukua mwimbaji mmoja wa bongo fleva, tukawashusha wote wawili katika kituo cha Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wanagombea daladala, ni nani atakayezungukwa kwanza? Msomaji atasema ni swali la kitoto. Basi walilishika swali hilo karibu nusu saa. Mmoja akatoa hoja kwamba Samatta ni mtoto wa Mbagala hiyo hiyo. Akapitia Simba, akaenda TP Mazembe ya Kongo, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 2015 miongoni mwa wachezao ndani ya Afrika, akafika Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akaingia Aston Villa ya Uingereza, akafunga bao katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, ijapokuwa timu yake ilishindwa na Manchester City mabao 2 kwa 1. Mtu kama huyo, akasema, Mbagala watamwacha apite hivi hivi? Mwenzake akamjibu kwamba ndiyo maana watamwacha: yeye ni mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani huulizwa tu habari za wazee wake, kisha hupishwa njia. Mwimbaji ndiye atakayevutwa shati. Hapo akapiga simu mama mmoja, mtu mzima kwa sauti yake, akasema ninyi nyote hamuijui Mbagala. Saa hiyo atakayezungukwa ni kondakta, maana watu wanataka kwenda kwao.

Tulicheka peke yetu mle ndani, na wapitao njia wakatutazama. Basi asituhesabu msomaji kuwa tu mahakimu tusio na upande. Na akiuliza upande wetu katika timu mbili hizi, hatutamwambia, kwa kuwa wazazi wa wanafunzi wetu ni wa huku na huku, nao ndio walipao ada.

Lililotushughulisha zaidi katika mazungumzo hayo ni habari ya umaarufu. Zamani mcheza mpira alijulikana kwa miguu yake. Siku hizi mtu aweza kujulikana mji mzima kwa ulimi, asiguse mpira hata mara moja. Kila klabu kubwa ina msemaji wake, na watoto wetu wawajua wasemaji kuliko wawajuavyo walinda mlango. Tazama ukoo wa Manara. Sunday Manara, aliyepewa jina la Computer kwa akili yake uwanjani, alichezea Yanga kisha akaenda kucheza Uholanzi katika miaka ya 1970. Mwanawe, Haji Manara, alikuwa msemaji wa Simba, na maneno yake yalikuwa yakirudiwa katika kila baraza. Mwaka 2021 akavuka akaenda Yanga, na mji ukatikisika kama kwamba aliyevuka ni mshambuliaji wa mabao ishirini. Baba ni miguu, mwana ni ulimi, na nani katika wawili hao anayetajwa zaidi na vijana wa leo, kila mtu ajua. Lakini ulimi nao una hesabu yake. Julai 2022 kamati ya maadili ya Shirikisho la Mpira ilimfungia Haji miaka miwili na kumtoza faini ya shilingi milioni 20, kwa sababu ya mzozo wake na rais wa shirikisho. Mwaka ule ule Ahmed Ally alishika kazi ya usemaji kwa Simba na Ali Kamwe kwa Yanga, wote wawili watu waliokwisha kuzoea kusema mbele ya watu, na mashindano ya midomo yakaanza upya kwa nguvu mpya.

Wako wasemao kwamba haya yote yameletwa na redio za siku hizi. Hao hawajawauliza wazee. Kabla redio haijafika katika nchi hii, watu wa pwani walikuwa na ngoma ya beni, na katika Dar es Salaam walikuwapo Marini na Arinoti. Hawa walijigawa pande mbili, wakavaa sare, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakapita njiani kwa ngoma na tarumbeta, na kila upande ukatoa nyimbo za kuucheka upande wa pili: nani kavaa vizuri, nani kashindwa kulisha wageni wake, nani kajitia ukubwa asio nao. Mtu aliweza kuwa maarufu tangu Kariakoo mpaka Ilala kwa ajili ya wimbo mmoja wa kejeli. Mpira ulipokuja uliikuta tabia hiyo mlangoni. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa ile nyingine, ambayo ilipitia majina mbalimbali, likiwamo Sunderland, mpaka mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Moja inakaa Mtaa wa Jangwani, nyingine Mtaa wa Msimbazi, na mwendo wa miguu kati yake haukauki chai katika kikombe.

Na redio ilipoanza mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, haikuwa na mzaha huu. Hata ilipokuwa Radio Tanzania mwaka 1965 na miaka mingi baadaye, mtangazaji kazi yake ilikuwa kuuona mpira kwa niaba ya asiyeuona. Sisi tulikuwa watoto, tukiwa tumekaa chini kuizunguka redio moja ya jirani, naye Ahmed Jongo akitangaza, tukaona uwanja mzima katika giza. Ndivyo alivyokuwa na Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, sauti ambayo mtu wa rika letu hawezi kuisikia asikumbuke nyumba fulani na harufu ya taa ya mafuta. Mchezo ukiisha, redio ilisema mengine, na utani ulianza nje, barazani, mtu na jirani yake, uso kwa uso. Baada ya sheria ya mwaka 1993 redio za watu binafsi zikaruhusiwa, Radio One ikaanza mwaka 1994, nyingine zikafuata, na kidogo kidogo baraza ikahamia ndani ya redio pamoja na kelele zake zote. Hilo ndilo jipya, na hapo ndipo penye swali la yule mama.

Maana utani katika nchi yetu hauokotwi njiani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo limetoka katika makabila. Wanyamwezi waliokuja pwani na misafara walitaniana na Wazaramo. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya kumi na tisa, walipochoka kuuana wakawa watani. Mtani aweza kukuambia mbele ya watu neno ambalo mwingine akilisema atapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Aweza kukunyang'anya kuku wako. Ukifiwa, aweza kujilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe fedha, na waliofiwa wakacheka machozi yakiwa hayajakauka. Lakini mtani huyo huyo, kabla ya kujilaza kaburini, ndiye aliyeshika jembe akalichimba. Yeye ndiye aliyechota maji na kukata kuni za msiba. Na jambo jingine, nalo ni la lazima: unayemtania naye ana haki ya kukutania, leo au kesho, nawe huna ruhusa ya kununa. Mtu asiyeweza kukujibu si mtani wako.

Tuliyaona haya kwa macho yetu mwezi Mei mwaka 2012. Tarehe 6 Simba waliifunga Yanga mabao 5 kwa 0, na mmoja wa wafungaji alikuwa Patrick Mafisango. Mitaa ya upande mmoja haikulala kwa furaha, na ya upande wa pili haikulala kwa matusi ya kuchekesha yaliyokuwa yakipigwa madirishani kwao. Siku 11 baadaye, alfajiri, Mafisango akafa kwa ajali ya gari hapa hapa mjini. Kwetu mtaani aliyetugongea mlango kutupa habari alikuwa Yanga, tena Yanga wa kuapia, ambaye siku kumi nzima alikuwa akipita njia ya nyuma asikutane na watu. Alisema tu, "Maalim, mfungaji wetu amefariki." Alisema wetu.

Sasa tuje katika jambo la karibu zaidi. Tarehe 5 Novemba 2023, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga waliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na baada ya siku mbili kocha wa Simba akaaga. Mkono ukawa salamu ya mji, vidole vitano vikiwa wazi. Na wale watani, kwa kutafuta neno tamu zaidi, wakachukua hesabu ya Kiarabu wakawa wanasema khamsa. Msomaji na afikiri hali ya mwalimu wa chuo katika juma lile. Tulifundisha watoto wadogo kuhesabu: wahid, ithnan, thalatha, arbaa, na kabla hatujafungua kinywa kwa ya tano, nusu ya darasa imekwisha kupasuka kwa kicheko, na nusu nyingine imeinamisha vichwa. Hilo tulilivumilia, tena tukauma mdomo tusicheke nasi. Lakini siku ya pili tulipofika nguzo za Uislamu, tukauliza idadi yake, akasimama kijana mmoja akaonyesha mkono wazi huku akimtazama mwenzake aliyevaa fulana nyekundu ndani ya kanzu. Hapo tulifunga kitabu. Hatukumpiga. Tulimwambia aketi, kisha tukawaeleza wote kwamba jambo la kuchezewa na lisilo la kuchezewa ni kama maji ya kuoshea miguu na maji ya kunywa, yote ni maji lakini hayakai ndoo moja. Nao walituelewa, tena upesi kuliko baadhi ya watu wazima tutakaowataja sasa.

Penye kona ya mtaa wetu yuko muuza kahawa. Jina lake hatulisemi, wala jina alilopewa redioni. Ni mtu wa makamo yetu, mwenye dele lake, kashata zake, na benchi moja ambalo juu yake yamesuluhishwa mengi kuliko katika mabaraza ya kata. Yeye ni Simba. Mbele yake, ng'ambo ya njia, yuko fundi cherehani, naye ni Yanga. Wawili hawa wametaniana kwa kadiri ya miaka thelathini. Asubuhi mmoja humwita mwenzake chura, kwa sababu Jangwani hujaa maji mvua ikinyesha, naye hujibiwa kwamba afadhali chura kuliko mkia. Baada ya hapo hunywa kahawa.

Muuza kahawa alinunua simu, akaanza kupiga katika kipindi kimoja cha michezo. Alikuwa na maneno, tena alikuwa na sauti. Watangazaji wakampenda, wakampa jina, wakawa wasipomsikia siku mbili humuulizia hewani. Basi mtu wetu akawa maarufu. Watu waliotoka Tabata na Kinondoni walikuja kunywa kikombe kimoja ili waseme wamemwona. Alinunua kofia mpya. Tulimpongeza, maana umaarufu wake haukumdhuru mtu, na kashata zilitoka.

Siku mbili kabla ya mchezo ule wa Novemba alipiga simu akasema hewani kwamba Yanga wakipata japo mabao mawili, yeye atawanywesha watu kahawa bure juma zima. Msomaji ajua yaliyotokea. Jumatatu asubuhi redio ile iliirudisha sauti yake. Adhuhuri ikairudisha tena. Jioni wakaiunganisha na mlio wa vyura, tena kwa ufundi, na mji mzima ukacheka. Twasema kweli, hata sisi tulicheka mara ya kwanza.

Mtu wetu hakukimbia. Siku ya kwanza alimimina kahawa bure, akachekwa na jirani zake, akawajibu, na mambo yakawa kama harusi. Siku ya pili walikuja wasio jirani. Siku ya tatu walikuja vijana juu ya pikipiki, watu ambao hawakujua hata jina lake la kweli, simu mikononi, wakimpiga picha anaponawa vikombe, wakimwekea vidole vitano karibu na pua na kumwambia aseme tena, aseme tena. Walikunywa, wakamwaga, wakavunja vikombe viwili. Mmoja alimwuliza mkewe, aliyekuwa ameleta tangawizi, kama naye alifungwa tano. Muuza kahawa alikuwa na majibu ya kila mtu kwa miaka thelathini. Siku ile hakuwa nalo hata moja. Atamjibu nani? Wale hawakuja kutaniwa. Hawana benchi, hawana njia ya kurudi kesho, na wakifiwa hajui msiba uko mtaa gani.

Siku ya nne benchi lilikuwa tupu. Sukari na kahawa ya mtaji vilikuwa vimekwisha, na mwenyewe alikuwa amelala ndani, mlango umefungwa. Redio ilimpigia simu, tunavyoambiwa, ili aje aseme anavyojisikia. Hakupokea.

Katika habari hii ndimo tulimolipata jibu letu, wala halikutoka kitabuni, ijapokuwa kitabu kimekwisha kusema, na wasomaji wetu walijua katazo lililo katika Sura ya Al-Hujurat juu ya kuchekana kwa dharau na kuitana majina mabaya. Watangazaji wale hawakuwa watu wabaya. Walifanya walilokuwa wakifanya kila siku, na mtu mwenyewe alipiga simu kwa miguu yake, kama wasemavyo wachekeshaji. Kosa ni kwamba redio huuchukua utani wa watu wawili wanaojuana ikaupeleka kwa maelfu wasiojuana, kicheko kikaenda nao, na wajibu ukabaki nyuma. Neno chura ni mfano mzuri. Likisemwa na muuza kahawa kumwambia fundi, ni kahawa ya asubuhi. Likisemwa redioni wakati wa masika, lapita pia katika nyumba za bondeni, ambako watu wako juu ya vitanda na maji yako magotini. Mafuriko ya Desemba 2011 yalichukua roho za watu bondeni humo, na serikali ikawahamishia wengi Mabwepande. Watoto watatu wa chuo chetu walihama hivyo na wazazi wao. Wote watatu walikuwa Simba. Tulijiuliza wakati ule, na twajiuliza hata leo, walilisikiaje neno lile.

Kuna watakaosema kwamba tunawadai wachekeshaji mizani ya dhahabu, na kwamba kicheko kikipimwa hakichekeshi. Huenda. Lakini kipindi kile cha Mbagala Rangi Tatu kilituchekesha nusu saa nzima, na hakuna aliyetoka humo akiwa amepungukiwa kitu. Samatta akikisikia atacheka, mwimbaji atacheka, na kondakta atakuwa amepata sifa asiyoitazamia. Wanaweza, basi, wakitaka.

Tumalize habari ya muuza kahawa, maana msomaji anaingoja.

Ilikuwa Jumanne ya juma la pili. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwa fundi tukimngojea amalize kutia vifungo kanzu yetu. Akaizima cherehani. Akaingia ndani, akatoka na mfuko, akatuambia, "Maalim, tufuatane." Tukavuka njia, tukapita uchochoroni, tukafika mlangoni kwa mwenziwe. Fundi akabisha hodi mara tatu. Mke akafungua kidogo, akasema mwenyewe hajisikii vizuri. Fundi akapaza sauti ili isikike mpaka chumbani, akasema: "Mwambie nimemletea kilo tano za kahawa. Najua hesabu yake siku hizi inaishia hapo."

Kimya. Mwanamke akatutazama, asijue acheke au afunge mlango. Nasi tulijuta kufuatana naye, tukaona mambo yameharibika.

Kisha ikatoka sauti ndani, ya mtu aliyelala kifudifudi: "Mwambie akaongeze moja zifike sita, kama mwaka 1977."

Kwa vijana wasiojua, tarehe 19 Julai mwaka 1977 Simba waliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Fundi aliuweka mfuko chini akajishika tumbo kwa kicheko. Akamjibu kwamba hata Sunderland walikuwapo mwaka 1968 walipofungwa tano, wamuulize baba yake. Muuza kahawa akatokea mlangoni, ndevu hazijanyolewa, akasema baba yake alikuwa mlangoni siku ile na aliyafunga macho. Walisimama hapo wakirushiana miaka mpaka adhana ya Magharibi, tukaenda sala pamoja watu watatu. Kesho yake dele lilikuwa jikoni. Redioni hajapiga simu tena mpaka leo, ingawa husikiliza, tena kwa sauti kubwa, na mtangazaji akikosea huwajibu yeye mwenyewe pale pale kwenye benchi bila kulipia simu.

Yule mama alirudi kwetu siku ya Ijumaa. Tukamsimulia hayo tuliyoyaandika hapa, tukamwambia kwa maoni yetu redio asiizime. Ila mkekani kwake, jina lolote ambalo aliyeitwa hana la kulijibu, lisirudiwe. Akasema kwamba yeye amekwisha kutia amri yake kabla hata ya kutungoja: jina ambalo mtoto hawezi kumwita babake usoni, asimwite nalo nduguye. Matokeo yake mkubwa amekuwa mwangalifu sana, na baba amekuwa akila upesi upesi. Na yule mdogo, tukamuuliza, wa yeyote aliyeshinda? Akasema kwamba siku timu zilipotoka sare mtoto alikaa akifikiri kwa muda mrefu, kisha akaomba aongezewe mchuzi.